Kutoka kisiki hadi duka: hesabu ya mbao tuliyojifunza Goma

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji wa mbao. Chini ya miguu kuna jiwe la volkeno, na kuchimba msingi hapa ni kazi ya mtarimbo na nyundo, si ya jembe. Tangu volkeno ya Nyiragongo ilipomwaga moto katikati ya mji Januari 2002, familia nyingi zilijenga upya kwa mbao juu ya lile jiwe jeusi. Nyumba ya mbao husimama kwa siku chache, na ikibidi kuhama hufunguliwa ubao kwa ubao ikapelekwa kwingine. Hata chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zinazoshuka kutoka Kibumba na viazi na magunia ya makala (mkaa) ni mbao karibu tupu: ukiondoa vitu vichache kama misumari na raba iliyofungwa kwenye magurudumu, hakuna kingine. Kwa hiyo kujua mti ulikatwa wapi na nini kimerudi kuota mahali pake ni jambo la fundi, la mwenye nyumba, na la kila anayewasha mbabula, jiko la makala, asubuhi.

Sisi tunaonunua magogo, kuyapasua na kutunza mashamba ya miti huulizwa sana kuhusu cheti cha msitu, hasa kile cha FSC, shirika la kimataifa la vyeti vya misitu lililoanzishwa 1993. Wengi hudhani cheti ni karatasi ya kulipia ofisini, kama leseni ya duka. Si hivyo. Cheti ni hesabu mbili zinazokubaliana. Hesabu ya kwanza ni ya shamba: kinachokatwa kisizidi kinachoota. Ya pili ni ya njia: mbao zinazofika dukani ziwe ndizo zilizotoka kwenye kile kisiki, zisizidi hata moja. Mengine yote, yaani wafanyakazi, maji, mipaka na haki za majirani, yana uzito wake na mkaguzi atayauliza, lakini hesabu hizi mbili zisipokaa sawa hakuna pa kuanzia.

Tuanze na hesabu ya njia, maana ndiyo inayowaangusha watu wengi.

Gogo likiwa chini, zungusha kamba katikati yake, si kwenye kitako. Kitako cha mti hupanuka, na anayepima pale hujidanganya. Tuseme kamba imetoa sentimita 188. Gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha sentimita 60. Sasa kipenyo kwa kipenyo kwa 0.785 kwa urefu: 0.6 × 0.6 × 0.785 × 4, gogo la mita 4 lina meta za ujazo 1.13. Ubao wa mita 4, upana sentimita 25 na unene sentimita 2.5, una meta za ujazo 0.025. Ina maana mbao 40 za namna hiyo ndizo meta moja ya ujazo. Je, gogo letu litatoa mbao 45? Kamwe. Anayepasua kwa tronsonezi (msumeno wa mnyororo wa injini), kwa mkono na kamba ya wino, hupata kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya gogo. Tukichukua asilimia 30, gogo hili linatoa mbao 13. Mashine ya msumeno wa mkanda, ikiwa na mtu anayeijua, huweza kufika nusu, yaani mbao 22.

Zilizobaki zimekwenda wapi? Nyingine ni mabanzi ya pembeni, na sehemu kubwa ni unga. Mnyororo wa tronsonezi hula karibu sentimita moja kila unapopita. Ukipasua mbao za sentimita 2.5, kila ubao unaondoka na sentimita moja ya unga, na hiyo peke yake ni zaidi ya robo ya mti imemwagwa chini. Msumeno wa mkanda hula milimita 2 au 3 tu. Ndiyo maana ukitaka kuokoa msitu, kabla ya kuhubiri habari za kupanda, tazama kwanza lile rundo la unga na mabanzi pale mti ulipopasuliwa. Miti miwili kati ya mitatu imelala pale.

Hesabu hii ina kazi nyingine. Mtu akija na daftari linalosema gogo moja la kipenyo cha 60 limetoa mbao 30, na alipasua kwa tronsonezi, ujue kuna miti mingine ambayo haimo kwenye daftari. Huhitaji kwenda msituni kulijua hilo. Mkaguzi naye huanza hapohapo: anachukua magogo yaliyoingia, anapiga kwa kiwango cha upasuaji cha mashine yako, analinganisha na mbao ulizouza. Zikizidi, anauliza za ziada zimetoka wapi, na jibu la «gogo lilikuwa zuri» halimtoshi.

Kosa linalofuata ni la vipimo vya jina. Ubao unaoitwa «mita 4, 25 kwa 2.5» mara nyingi ukiupima ni mita 3.80, upana 24, unene 2. Fanya hesabu: 0.018 badala ya 0.025. Aliyelipia mbao 100 amebeba nyumbani ujazo wa mbao 73. Hapo mnunuzi ameumia, lakini hata muuzaji mwaminifu huumia kwenye ukaguzi, kwa sababu shambani aliandika kipimo halisi na dukani akaandika kipimo cha jina, na vitabu viwili vikagombana ingawa hakuna aliyeiba. Dawa yake ni kupima mbao kumi katika kila mia, popote zinapobadilisha mikono, na kuandika kile ambacho mita imeonyesha.

Daftari lenyewe liwe rahisi. Namba ya mti, kipenyo na urefu wa kila gogo, tarehe ya kupasua, idadi na kipimo cha mbao, aliyezichukua. Namba ya mti iandikwe mahali pawili kwa rangi ya mafuta, kwenye kisiki na kwenye uso wa gogo, siku ileile mti unapoanguka. Chaki hufutika kwa mvua moja ya Masisi. Gogo likikatwa vipande, kila kipande kipewe herufi: 17A, 17B, 17C. Anayesema ataandika jioni akifika nyumbani, wiki ya pili ameshachanganya.

Sasa shamba. Kuzunguka Goma miti inayopandwa zaidi ni mikaratusi, grevilea na ile akasia nyeusi ya milimani. Mikaratusi ya saligna na grandis hufaa kwenye kimo cha kati. Globulus inataka baridi ya juu zaidi, na ukiileta karibu na ziwa utaiona inanyong'onyea. Mbegu za mkaratusi ni ndogo kama vumbi. Husiwa juu ya udongo uliochekechwa, zikafunikwa kidogo sana, na maji yamwagwe kwa matone madogo, maana maji ya nguvu huzikusanya pembeni zikaota kama manyoya. Mche ukiwa na majani manne unahamishiwa kwenye kiriba, na baada ya miezi minne hivi unafika sentimita 25 au 30. Huo ndio wakati wa kwenda shambani. Mche uliokaa sana kitaluni mizizi huzunguka chini ya kiriba, na mti wake hulala upepo unapokuja mwaka wa tatu.

Shimo liwe la sentimita 40 kila upande, udongo wa juu uwekwe kando urudi chini, kiriba kitolewe kabisa. Panda mvua ikishashika, mnamo Septemba mwishoni au Machi, si mvua ya kwanza ya kudanganya. Miaka miwili ya mwanzo ni ya palizi: mkaratusi mdogo haustahimili majani, hata kama ukikua hakuna kinachoota chini yake. Mahali penye ng'ombe, kama vilima vingi vya Masisi, weka ua au usipande.

Nafasi inategemea unachotaka. Kwa makala na miti ya kujengea, mita 2 kwa 2, miche 2,500 kwa hekta. Kwa mbao, mita 3 kwa 3, miche 1,111, kisha unapunguza mwaka wa nne na tena mwaka wa saba au wa nane, mpaka ibaki 300 hadi 400 iliyonyooka. Hapa ndipo mkulima anaposhindwa, na si kwa kukosa akili. Kukata mti ulio hai na mzuri ili jirani yake anenepe kunauma, hasa kama shule inadai pesa ya mtoto. Lakini asiyepunguza hubaki na msitu wa fito: mwaka wa 15 kila mti una sentimita 18, na msumeno hauna cha kupasua. Miti ya kupunguzwa isitupwe. Ya mwaka wa nne ni fito na kuni, ya mwaka wa nane ni makala na nguzo, na pesa hiyo ndiyo inayompa mwenye shamba uvumilivu wa kungoja mbao.

Hesabu ya shamba ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Una hekta 4 za makala na unavuna kila baada ya miaka 8: kata nusu hekta kwa mwaka, hata bei ikipanda. Ukimaliza kipande cha nane, cha kwanza kimeshakomaa tena. Gawanya ardhi kwa miaka, na usikate zaidi ya jibu. Sheria ya makampuni makubwa ya msituni ni hiyohiyo kwa sura nyingine: hapa Kongo, eneo lililovunwa hupumzishwa angalau miaka 25, na kila aina ya mti ina kipenyo ambacho hauruhusiwi kukatwa kabla ya kukifikia.

Kisiki cha mkaratusi huchipua chenyewe, ila kinataka heshima. Kata chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa msumeno, na uso uinamie upande mmoja ili maji yasikae. Panga huchana gome, na chipukizi hutoka pale gome linaposhikana na mti. Gome likiachia, kisiki kinaoza. Zitatoka chipukizi 15 au 20. Baada ya miezi kama minane zipunguze zibaki mbili au tatu, zikiwa pande tofauti za kisiki, upande wa upepo kwanza. Kisiki kimoja hutoa mavuno matatu au manne kabla ya kuchoka.

Maji. Sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 inakataza kufyeka miti ndani ya mita 50 kila upande wa mto na mita 100 kuzunguka chemchemi. Watu wa mashamba ya mikaratusi hudhani haiwahusu kwa sababu wao wanapanda, hawafyeki. Inawahusu: ukishapanda mkaratusi juu ya chemchemi utalazimika kuukata siku moja, na kabla ya siku hiyo akina mama wanaochota pale watakuwa wameshaona maji yanapungua. Pembeni ya maji acha miti ya asili, au panda ya asili, na usiihesabu katika mavuno. Mkaguzi hutembea mpaka pale kwa miguu yake. Huwauliza pia wanaochota.

Swali jingine lisilo na njia ya mkato: kabla ya shamba palikuwa na nini? FSC haitoi cheti kwa shamba lililopandwa mahali pa msitu wa asili uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Waliofyeka kati ya Desemba 1994 na tarehe hiyo wana njia ya kurekebisha madhara, ndefu na ya gharama. Kwa hiyo kufyeka kipande cha msitu wa asili ili kupanda mikaratusi «ya cheti» ni kujifungia mlango. Panda kwenye malisho yaliyochoka, kwenye ukingo wa mashamba, kwenye mteremko ulioporomoka. Karibu na Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa 1925 na ambayo makala yake yameingia sana katika majiko ya mji huu, kila gunia linalotoka kwenye shamba la mtu ni gunia moja ambalo halikutoka hifadhini. WWF, shirika la kutunza mazingira, ilianzisha mradi wake wa EcoMakala kwa wazo hilo: wakulima wadogo wa Kivu Kaskazini wapande miti ya makala yao wenyewe.

Turudi kwenye kupasua, kwa maana mkaratusi una tabia zake. Mti huu umejivuta ndani kama kamba ya gitaa. Ukiuangusha na kuukata, ncha zinapasuka kwa mlio, wakati mwingine usiku mzima unasikia. Pasua gogo mapema, ndani ya siku chache, kabla halijakauka ncha. Toa banzi upande mmoja, geuza, toa upande wa pili, uendelee hivyo kwa zamu. Anayekula upande mmoja tu atapata mbao zilizopinda kama upinde kabla hajafika katikati. Kiini cha katikati, kama sentimita 8 au 10, kitoe kabisa na ukiweke kwenye kuni. Fundi anayekibakiza ili apate mbao mbili zaidi atazipoteza zote mbili na jina lake pia.

Kukausha ndiko kunakotenganisha ubao wa mlango na ubao wa kuni. Hapa Goma tuna zawadi ya mawe. Panga mawe ya volkeno kwa mistari, kimo cha sentimita 40, yasawazishe kwa uzi. Maji hayatuami juu yake na mchwa hawapati njia rahisi. Juu yake weka miti ya kubebea, kisha safu ya mbao zilizoachana kidole kimoja, kisha vijiti vikavu vya sentimita 2.5 kila baada ya sentimita 40 au 50. Vijiti vya safu ya juu vikae sawasawa juu ya vya chini. Simama mwisho wa rundo utazame: ukiona vijiti vinapanda kama mstari mmoja wima, umepanga vizuri, ukiona vinayumba, kila mahali vinapoyumba ubao utainama. Paka ncha rangi nzito ili zisikauke kabla ya katikati. Bati juu, mawe mazito juu ya bati, pembeni wazi, jua lisipige moja kwa moja. Mbao za sentimita 2.5 hutaka miezi miwili hadi minne. Usikisie kwa macho. Chukua ubao mmoja, upime kwenye mizani kila wiki na uandike uzito juu yake kwa kalamu. Wiki mbili zikipita bila kupungua, rundo liko tayari.

Cheti chenyewe, mkulima wa hekta moja hawezi kukibeba peke yake, gharama ya ukaguzi ingekula shamba. Ndiyo maana kuna cheti cha kundi: chama kimoja kinashika cheti, wanachama wanafuata kanuni zilezile, mkaguzi anatembelea baadhi yao. Kinadumu miaka 5 na kukaguliwa kila mwaka. Kosa kubwa hupewa miezi mitatu kurekebishwa, kosa dogo mwaka mmoja. Makosa tunayoyaona yakirudi si ya miti. Ni fundi wa tronsonezi anayefanya kazi kwa kandambili, bila kofia wala suruali ya nyuzi ambazo hukamata mnyororo kabla haujafika kwenye nyama. Ni oili chafu ya gari inayomwagwa kwenye mnyororo na kuishia ardhini. Ni watoto wanaobeba miche siku ya shule. Ni mpaka wa shamba usio na karatasi. Kuhusu huo wa mwisho, barua ya chifu peke yake haitoshi: tembeeni mpaka pamoja na majirani wote, pigeni alama za GPS, chora ramani ya mkono, kila jirani aweke sahihi au dole. Na mahali ambapo mkaguzi hawezi kufika kwa sababu ya usalama, cheti hakitolewi, hata kama shamba ni zuri namna gani. Hilo linawaumiza wakulima wa Kivu bila kosa lao, ila daftari lililotunzwa vizuri miaka hiyo yote litakuwa ushahidi siku njia itakapofunguka.

Kwa mbao za msitu wa asili, jamii yenyewe inaweza kushika msitu wake. Amri ya 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha miaka. Mbao nyingine za msituni, zisizo za jamii wala za makampuni makubwa, hupita kwenye kibali cha kukata cha mtu binafsi, cha mwaka mmoja, na mnunuzi ana haki ya kukiona na kusoma tarehe yake.

Majina ya sokoni yanahitaji uangalifu wa pekee. Muvula ni mvule, hilo liko wazi. Libuyu si wazi: jina hilo hubeba miti kadhaa ya jamii ya mahogani, baadhi ni Entandrophragma, baadhi ni Khaya. Fundi hajali, rangi zinakaribiana. Lakini tangu 2023 Khaya ya Afrika iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mbao zake zikivuka mpaka wa nchi lazima ziwe na kibali chake. Kutoka Birere, mtaa wa Goma, hadi Gisenyi upande wa Rwanda ni hatua chache kwa miguu. Anayeandika «libuyu» tu kwenye fakture (ankara ya mauzo) amejitengenezea shida pale kizuizini, kwa hiyo andikeni jina la kitaalamu la mti wakati bado una majani, kabla haujawa ubao.

Mnunuzi anayetaka mbao za cheti asitazame nembo ukutani. Atazame fakture: namba ya cheti cha muuzaji, pamoja na maneno yanayosema mbao hizi ni za aina gani, kwa mfano FSC 100%, kwenye mstari wa mbao zenyewe. Namba hiyo hutafutwa kwenye tovuti ya FSC, hata kwa simu, na itaonyesha kama cheti kiko hai, kimesimamishwa au kimefutwa, na kama kinahusu aina ya bidhaa unayonunua. Cheti cha nguzo hakiuzi milango.

Na dukani, kama una mbao za aina zote mbili, zitenganishe kwa ukuta au kwa nafasi inayoonekana, na ncha za moja zipake rangi yake. Hatari kubwa iko kwenye mabaki. Seremala amechukua mbao 20 za cheti, ametumia 17, anarudisha 3 jioni, kijana wa duka anazitupa kwenye rundo lililo karibu. Kama rundo hilo si la cheti, umepoteza mbao tatu. Kama ni la cheti lakini hazikuandikwa zilipotoka wala ziliporudi, umeharibu hesabu ya rundo zima. Mabaki yaandikwe jioni hiyohiyo, kabla ya duka kufungwa, kwa namba ileile iliyokuwa kwenye kisiki.